Betri ya Haron

Betri ilikuwa imekwisha tena. Mzee Angwenyi aliinama kwenye mlango wa nyuma wa gari, akagusisha nyaya za kitaa chake cha kupimia, akangoja. Kitaa kiliwaka kwa shida, kikafifia. Jumapili, baada ya kanisa, aliiacha betri imejaa tele. Leo ni Jumatano tu, na nyaya za gari alikuwa amezitoa kwa mikono yake mwenyewe.

"Ala," alisema, ingawa hapakuwa na mtu wa kumsikia.

Gari lilikuwa la mwanawe, Haron. Nyuma alilifungia kitanda, jiko dogo na friji, awe anawapeleka watalii Maasai Mara na wapate kulala humo humo, na betri hii ya pili ndiyo ya kuwasha taa na friji. Kabla hata hajapata mteja wa kwanza, mkewe Gesare akapata kazi ya uuguzi Marekani, naye akamfuata. Kanisa zima pale Kebirigo lilimchangia nauli. Siku ya kuondoka aliliegesha gari kando ya nyumba yake, ng'ambo ya ua wa baba yake, akaacha maagizo: msimu wa mvua betri isikae bila moto, itakufa; toa nyaya, paka vichwa vyake grisi, ichaji mara kwa mara.

"Nikirudi Desemba, baba, safari ya kwanza ni mimi na wewe."

Desemba hiyo ilipita, na nyingine ikapita. Mzee hakununa. Alikuwa amejiambia jambo moja na kulishika kwelikweli: gari likiwa zima, Haron ana sababu ya kurudi, betri ikifa, basi tena. Wewe unaweza kucheka. Lakini pengine wewe una mtu wa kusema naye jioni, na Angwenyi wa kwake alikuwa ameshamzika.

Nyumba ya Haron ilikuwa na kufuli kwenye mlango wa mbele, na stima yake ilizimika zamani, maana tokeni za umeme ziliisha na hakukuwa na wa kununua. Hata kama ingekuwa wazi, mzee asingeingia. Kwa Abagusii, baba hatii mguu katika nyumba ya mwanawe aliyeoa, wala hachungulii dirishani mwake, na Angwenyi hakuwa mtu wa kuanza kuvunja miiko na mvi zote zile. Kwa hiyo alikuwa akivuta waya mrefu kutoka kwake mpaka kwenye gari, anachaji, anaukunja, anarudi kukaa peke yake. Hata mbwa alikuwa amemhama siku hizi. Alilala kwenye baraza ya Haron, halafu asubuhi anakuja kudai uji bila haya.

Jumatano hiyo mzee aliifunga betri kwenye bodaboda, akaipeleka kwa Okoth, fundi wa betri pale sokoni, mtu wa kutoka ziwani aliyekuja Kebirigo kutafuta riziki akazoea. Akaiacha huko wiki nzima.

"Mzee, betri yako haina shida," Okoth alimwambia alipoirudia. "Imekaa hapa na haijashuka hata kidogo. Huko kwako kuna kitu kinakula moto."

"Kitu gani, na nyaya nimetoa?"

"Basi ni mtu."

"Okoth, mimi naishi peke yangu. Kikombe nikikiweka mezani jioni, asubuhi nakikuta pale pale."

 Okoth alimsaidia kuifunga betri kwenye pikipiki.

Haron hakuwa mtoto wa kumsahau mzazi. Alikuwa akipiga simu. Zamani walionana uso kwa uso kwenye simu, Gesare akipunga mkono huko nyuma. Siku hizi ilikuwa sauti tu, kwa sababu kamera ya Haron iliharibika, tena sauti ya chini, kwa sababu alikuwa kazini. Mzee alishukuru hivyo hivyo. Kila simu aliipokea akiwa amesimama wima, kama anayeitwa kutoa ushuhuda kanisani.

Alasiri moja, siku chache baada ya kuirudisha betri mahali pake, mvua ilimkuta pale garini. Aligusisha nyaya za kitaa. Hakikuwaka kabisa. Akajaribu tena, na tena, mvua ikimpiga mgongoni, akafunga mlango na kusimama tu pale uani, hana pa kwenda. Alijiona mzee asiye na faida kwa mtu yeyote. Ndipo simu ikaita mfukoni.

"Baba, habari ya huko?"

"Njema. Nyinyi je?"

"Huku ni theluji tu. Uko wapi?"

"Niko jikoni, naota moto." Alidanganya, hakutaka kijana ahangaike bure huko ng'ambo. Maji yalikuwa yakimtiririka shingoni.

"Na betri?"

Siku zote alijibu kwamba iko sawa. Leo alishindwa.

"Betri inanifia, Haron. Nimefanya yote uliyoniambia, na sijui nakosea wapi. Usikasirike. Usiache kuja nyumbani kwa sababu ya betri."

 Mzee aliibana simu sikioni kwa mikono yote miwili. Alikuwa akilia, na alishukuru Mungu kwamba mwanawe alikuwa mbali, hawezi kumwona.

"Baba," Haron alisema, "toka kwenye mvua. Koti lako lote limelowa."