Prosesa ya Pili

Kompyuta ya redio ilikata roho tena, kwa heshima zake zote: kioo cha buluu, mlio mmoja wa huzuni, kisha kimya mji mzima wa Butembo. Asubuhi yote ilikuwa imecheza nyimbo bila kukohoa. Ikifika saa ya matangazo ya vifo, nayo inakufa.

Fundi Delphin alipiga magoti mbele yake kama mtu anayeungama.

Alimweleza mtangazaji Florentine ugonjwa wenyewe. Mashine ina prosesa mbili, yaani akili mbili. Ni kama wasimamizi wawili wa bweni: mmoja ameshika ufunguo, mwenzake ameshika kufuli, kila mmoja anamngoja mwingine atoe kwanza, na wanafunzi wote wanalala nje. Programu ya sauti ni ya zamani, haijui kuishi na akili mbili.

"Na ukizima moja?" Florentine aliuliza. "Ile yenye kubakia inaweza kutembea yenyewe?"

Delphin alipangusa kioo kwa kiganja. "Inaweza. Lakini hapana muzuri."

Florentine ndiye yule ambaye, fundi akichelewa, humwambia mbele ya wageni kwamba hata mbuzi wa sokoni angekuwa amemaliza. Leo alimletea chai, akamkorogea sukari mwenyewe.

Nje, kwenye benchi, alingoja Mzee Kahongya, aliyetoka Kasugho kwa pikipiki, matope hadi kwenye kola. Binti yake Tamar alikuwa amefariki, na mazishi ni kesho. Kaka zake Tamar wako Manguredjipa kwenye machimbo ya dhahabu. Simu haziwafikii, redio wanayoishika ni hii tu. Tangazo lisiposomwa leo, watamkuta dada yao chini ya udongo.

Kila Delphin alipotoka kutafuta waya, waliokaa na mzee kwenye benchi walivuta miguu kumpisha. Alipita ameinamisha macho, mbali na mzee, akiambaa ukuta wa pili. Muuza mandazi aliyekuwa akipita alisema kwamba kwa fundi wa namna hii, mashine ingepelekwa tu mochari. Hakuna aliyecheka. Mama mmoja alimfinya.

Ndani, Delphin alibadilisha kumbukumbu ya mashine. Akapangusa feni. Mwishowe akazima prosesa ya pili, na kompyuta ikaamka, ikapiga wimbo mzima wa kwaya bila kuyumba. Florentine akavuta maikrofoni, akafungua ukurasa wa matangazo, akasafisha koo.

Delphin akasema kuna kitu kidogo kimebaki. Akairudisha prosesa ya pili.

Kioo cha buluu.

Florentine hakumtukana. Aliinuka, akafungua mlango, akamwita mzee.

Mzee Kahongya aliingia polepole. Akaketi sakafuni, pale pale kwenye vumbi na nyaya, jambo ambalo mzee wa heshima zake hafanyi mbele ya kijana. Akaufunika kwa mkono wake mkono wa fundi uliokuwa juu ya kibodi.

"Mukwe wangu," alisema, "achia basome tangazo. Hata basiposoma, muke wako hatarudi."

Delphin akaizima prosesa ya pili.