Dirisha la Chumba cha Vanishi

Bosi aliingia chumba cha vanishi na katoni ya pakiti za maziwa, kama kila asubuhi. "Kunyweni, maziwa yanakata sumu." Nami nikanyoosha mkono, kama kila asubuhi.

Binti yangu, tunayepaka naye meza moja, hakunyoosha wake.

"Binti, hutaki?"

"Nataka sana, bosi. Lakini maziwa yanashuka tumboni, na hii harufu ya thina ya kuchanganyia vanishi inapanda kichwani. Vitakutana wapi?"

Mafundi wakaangua kicheko. Mimi sikucheka. Kichwa kilikuwa kinanigonga, na macho yangu yalikuwa kwenye dirisha, lile lililopigiliwa misumari ili vumbi lisinase kwenye vanishi mbichi.

Binti akachukua nyundo, akaanza kung'oa msumari wa kwanza.

"Vumbi likiingia, hiyo meza utaipiga msasa upya wewe!" bosi alifoka.

"Nitaipiga."

Msumari ulitoka ukilia, umepinda, mwekundu kwa kutu. Ukaanguka sakafuni. Bosi akaja kusimama mbele ya dirisha, mikono kiunoni.

Nimemzaa mimi huyu, nikamfundisha kushika brashi, na sijawahi kumwona mrefu kiasi kile. Nilihisi kifua kinajaa, na safari hii haikuwa thina.

Niliirudisha pakiti yangu kwenye katoni, nikachukua koleo la kung'olea misumari, nikaenda kusimama ubavuni mwake.

"Samahani, bosi," nikasema. "Unatuzibia dirisha."