Kizingiti cha Zamda

Mvua ilipochachamaa, Zamda alisimama mlangoni akikitazama kizingiti chake kipya cha saruji, kinachomfika magotini. Alikijenga mwenyewe kiangazi, baada ya kuchoka kufuta matope ya kila masika. Maji ya barabarani yalikigonga, yakageuka, yakateremka kwa Bi Mwantumu, jirani wa ng'ambo. Ndani pakavu.

Ndipo harufu ikamfikia.

Akakimbilia uani. Mumewe, Shomvi, alikuwa amekunja suruali, sururu mkononi, ameshalitoboa shimo la choo. Uchafu wa mwaka mzima ulikuwa unabubujika.

"Baba Rehani! Unatapisha choo?"

"Si mvua hii? Inabeba bure. Mtaa mzima unafanya hivi."

Lakini mfereji wa nyuma ulikuwa umezibwa na takataka za mtaa huohuo. Uchafu ukarudi. Ukaingia kwa mlango wa uani, mzito, ukapita jikoni, ukafika sebuleni kwenye kile kizingiti, ukasimama. Funza wakaelea kuzunguka miguu ya meza ya chakula.

"Fanya kitu basi, mke wangu," alisema Shomvi, ameshapanda juu ya kochi.

Zamda alimwendea pale kochini. Akamnyang'anya sururu, akauvuka ule uchafu hadi mlangoni, akaiinua juu ya saruji yake.

Ng'ambo ya barabara, chini kidogo, Bi Mwantumu alikuwa amesimama ndani ya maji, kanga puani, akimtazama.