Shimo Alilofukua Dada

Zamani, wanyama walipokuwa bado wakitembeleana, Chura wa Mlimani alishuka nyikani kumjulia hali mdogo wake aliyeolewa huko. Kwao mvua ilinyesha kila siku. Huku alikuta dimbwi limekauka, udongo umepasuka, na mdogo wake haonekani.

"Yumo humo chini," alisema Kobe, jirani. "Amelala."

"Kwetu anayefukiwa udongoni ni maiti!"

"Kwenu kuna mawingu, mama. Huku kiangazi kikija, vyura hujifukia mpaka mvua irudi. Mwache."

Chura hakusikia la mwadhini wala la mteka maji msikitini. "Mdogo wangu hazikwi ugenini," alilia, akafukua kwa mikono, akamtoa, akamkumbatia juani.

Mdogo wake akafumbua macho. "Dada, mvua imeshanyesha?"

"Bado, mpenzi. Twende nikupeleke inakonyesha."

Hawakufika hata kwenye kichuguu cha kwanza. Ngozi ya mdogo mtu ilikauka, akakata roho mgongoni mwa dada yake.

Jioni ile ile mvua ikaja. Vyura wa nyika wakatoka ardhini mmoja mmoja, wakaimba. Dada mtu alikaa kando ya lile shimo, akalitazama likijaa maji.