Weka Chini, Rudi Nyuma

"Weka chini. Rudi nyuma," ujumbe ulisema.

Mayunga aliusoma, akasonya. Akaiweka pakiti ya chumvi mbele ya geti, akarudi nyuma mpaka kwenye pikipiki yake. Hapo ndipo geti lilipofunguka kidogo, upenyo wa kupitisha kuku, mkono ukatoka umefunikwa khanga hadi vidoleni, ukainyakua pakiti, geti likafungwa. Simu ikalia: hela imeingia. Asante hakuna.

Akatema mate. Chumvi! Pakiti moja ya chumvi, na soko liko ng'ambo ya barabara. Asubuhi ilikuwa vitunguu. Kabla ya vitunguu, kiberiti. Nyumba ya Mama Benedicto ilitazamana na soko la Biharamulo, karibu kiasi kwamba Ernesta muuza dagaa akipiga chafya, aliyeko ndani anasikia. Lakini mama huyu hakukanyaga sokoni. Kila kitu aletewe na bodaboda, tena kidogo kidogo.

"Anaogopa matope yetu," Ernesta alimwambia Mayunga aliporudi, huku akifukuza nzi kwa kipande cha boksi. "Mumewe kapewa gari la kazi, basi na yeye pua imepanda. Masikini akipata, matako hulia mbwata!"

Wanawake wa meza za jirani wakaangua kicheko. Mayunga hakucheka. Kuagiza kwa simu hakukumsumbua. Wenye nazo wengi wa mjini siku hizi wanaagiza, na bila wao angekula nini? Kilichomtia kinyaa ni kwamba mama huyu hakuwa hivi. Mwanzoni alikuwa akifungua geti lote, anapokea mzigo kwa mikono miwili, anauliza, "Mwanangu, umekula?" Mayunga alishakunywa uji kwa kikombe chake, pale pale barazani, wakasimuliana habari za Shinyanga walikotoka wazee wao. Kisha Mayunga akaenda Nyakisasa na baba yake mdogo kupeleka barua ya posa, na aliporudi alikuta gari jipya uani na geti limefungwa. Tangu hapo ikawa ujumbe tu. Akitoa shikamoo, marahaba hairudi. Uji ndio uliokwisha kabisa.

Alishajinusa mara nyingi. Ni kweli alinuka dagaa, petroli na jasho. Lakini hata siku za uji alinuka hivyo hivyo.

Na yeye si mtu aliyekosa malezi. Juzi tu, mnadani Nyakisasa, alimwona kwa mbali mama yake Recho, mchumba wake. Akatoka mbio, akajitosa kwenye shamba la watu mpaka miba ikampasua suruali, maana kwao Wasukuma mkwe hakutani na mkwe uso kwa uso. Watu walimcheka, yeye akaona fahari. Mtu anayejua kuheshimu wakubwa kiasi hicho, leo anawekeshwa mzigo chini kama mbwa!

Angekwisha kuacha, lakini ng'ombe wa mahari walikuwa hawajatimia, na hakuna mteja aliyemwita mara nyingi kama huyu. Kwa hiyo alimeza. Kila siku alimeza, na kila siku kilimrudi kooni.

Jumamosi iliyofuata mvua ilinyesha hadi mtaro wa soko ukafurika, utumbo wa samaki ukawa unaelea barabarani. Ujumbe ukaja: dagaa na pilipili. Mayunga aliiacha pikipiki, akavuka kwa miguu, uchafu ukamwingia viatuni. Alipofika getini simu ikalia tena.

"Weka chini. Rudi nyuma."

Chini palikuwa na maji meusi yenye povu. Aweke chakula cha watu hapo?

Uvumilivu ukamwishia. Akaligonga geti kwa kiganja hadi likanguruma.

"Toka upokee, mama! Mimi si mbwa!"

Ng'ambo, Ernesta na wenzake wakaacha kupima, wakasimama kutazama.

"Uji wako nimekunywa, leo ndiyo nanuka? Hiyo pua umeipata pamoja na gari?"

Akasikia ndala zinakimbia upande wa pili. Zinamkimbia yeye! Akalisukuma geti kwa bega, likafunguka. Mama Benedicto alikuwa anakimbilia jikoni, khanga kaivuta ikafunika uso wote, haoni anakokwenda, mpaka akajikwaa kwenye ndoo na kupiga magoti. Hata pale chini aliugeuza uso ukutani, mkono mmoja ukipunga nyuma yake: nenda, nenda.

Mayunga aliuona mkono huo unavyomfukuza. Anamwonea kinyaa hadi kumtazama hawezi! Akamfuata, akaudaka ule mkono, akaubandika mfuko wa dagaa kiganjani, akavifunga vidole juu yake kimoja kimoja.

"Shika! Umeona? Sina ukoma."

Mama Benedicto akapiga yowe kama aliyeungua.

Mlango wa nyumba ukafunguka. Aliyetoka ni Recho, begi la safari lingali begani, akajishika kichwa kwa mikono miwili.

"Mayunga! Umemshika mama mkubwa mkono? Mkweo?"