Fomu Isiyo na Jina

Mhadhiri wa hesabu aliinua fomu moja kati ya zile ambazo wanafunzi walijaza kutathmini ufundishaji wake, akasoma kwa sauti kavu: "Anaufundisha ubao, hatufundishi sisi."



"Nani kaandika?"

"Leo kimenuka," alinong'ona mwanafunzi aliyeketi kando ya Kasuku.

Fomu hazikuwa na majina, lakini Kasuku alijua kwamba mwandiko wake haufichiki, na karatasi yake ya mtihani ilikuwa mezani kwa mhadhiri, bado haijasahihishwa. Akasimama. "Ni mimi, mwalimu."

Mhadhiri alipangusa vumbi la chaki vidoleni, taratibu, kimoja kimoja. Kisha akavuta kiti, akaketi mbele yake.

"Haya, binti. Niliwapoteza wapi?"

Kasuku akafungua daftari, akaanza kurudisha kurasa nyuma, nyuma, hadi wiki ya kwanza.