Kamera Iliyopinduliwa

Dereva alikuwa ameshafika kuichukua kamera pale fundi wa vioo alipoipindua juu chini, ili tu aridhike.

Ilikuwa ndogo kama boksi la viatu, na ndani yake vioo vitatu vilipokezana mwanga wa nyota. Kwa miezi miwili pale maabara waliipima ikiwa imekaa vilevile mezani, na nukta ya mwanga kwenye skrini ilikuwa kali kama ncha ya sindano.

Sasa nukta ilivimba, ikaota mkia, kama tone la chai kwenye karatasi.

“Hebu irudishe ilivyokuwa,” alisema mkuu wa maabara, kalamu juu ya fomu ya makabidhiano.

Akairudisha. Nukta ikawa kali tena.

“Umeona? Haina neno.”

“Kioo kikubwa kinabonyea kwa uzito wake, mzee. Tumekirekebisha kikiwa kimebonyea.”

“Basi ikikaa hivi, iko sawa.”

“Inakokwenda ni angani. Huko hakuna uzito, kioo kitanyooka.”

Nje, dereva alipiga honi. Mkuu aliitazama fomu. Sahihi yake ilikuwa imefika nusu.

“Nani mwingine ameona?” aliuliza.